Siku Halkano Alipopeleka Maziwa

Kwa miaka tisa Halkano alikuwa akibeba maziwa ya majirani kwa baiskeli hadi Garsen, na njia ile angeipita hata usingizini. Asubuhi moja ya mwaka ule wa mvua ya Elnino, mama yake, Hawo, alifariki kabla jua halijachomoza.

Mjomba wake Adan akamwambia, "Mwenye baiskeli ni wewe. Nenda Garsen, dukani kwa Hared, ukalete sanda. Tuzike kabla ya alasiri, maji yanapanda makaburini."

Akaondoka. Hakulia, msiba ulikuwa bado haujamfika. Udongo mweusi ulijaa kwenye madigadi mpaka magurudumu yakakataa kuzunguka. Alishuka, akauchokoa kwa kijiti, akapanda, akashuka tena. Penye maji mengi alijitwika baiskeli begani.

Njia panda, wanawake wa boma la pili walikuwa wakimngoja na jerikeni zao, habari haijawafikia. Alisimama kwa kuwa husimama hapo kila siku. Wakafunga maziwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, naye akaenda zake.

Mjini, Abdikarim mwenye hoteli alipokea jerikeni ya kwanza. "Leo umechelewa."

"Mvua," akasema Halkano.

Aligawa maziwa yaliyobaki, akafunga jerikeni tupu, akapita mbele ya duka la vitambaa la Hared, mlango uko wazi, akarudi nyumbani.

Jirani yao Ifrah, aliyemwosha marehemu, alitoka nje akanyoosha mikono. Halkano akafungua mpira, akampa jerikeni tupu.

"Sanda iko wapi, ndugu yangu?"

"Nimepeleka maziwa," akasema.

Hakuna aliyemgombeza, na afadhali wangemgombeza. Aibu ilimjia, lakini kwa mbali, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Muda wa kurudi Garsen haukuwepo. Adan akasema basi, azikwe kwa leso zake, Mungu anajua. Ifrah akaingia ndani kutafuta zilizo safi.

Alirudi na furushi lililofungwa kwa nailoni, linanukia ubani. Ndani mlikuwa na bafta nyeupe ya sanda.

"Lilikuwa chini kabisa ya sanduku," akasema. "Alijiwekea mwenyewe."

Halkano aliitambua. Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, mama alimwagiza mita kumi za bafta. Alinung'unika njia nzima kwa vumbi na jua, na alipofika akamuuliza ni ya nini. "Wewe umeleta, basi," alijibiwa.

Ifrah alipoikunjua, pembeni palikuwa na mstari mweusi wa mpira wa tyubu, pale Halkano alipoifunga kwenye keria siku ile. Palionekana pamefuliwa na kufuliwa tena, na doa halikutoka. Halkano akaugusa mstari ule, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akahisi kwamba amelowa na anatetemeka kwa baridi.