Bustani ya Wakosaji

Mwalimu Theresia ana hasira za karibu, na mimi namsifu kwa hizo hasira. Sisi wa huku juu Mgeta tumezoea walimu wanaokuja, wakaitazama miteremko yetu, wakaomba uhamisho. Yeye ni wa hukuhuku, binti wa mkulima wa kabichi. Alipopangiwa shule yetu ya msingi alikwenda moja kwa moja nyuma ya madarasa, kwenye kipande cha mlima kilichojaa magugu, akasema hapo ndipo atakapofundishia.

Akafundisha kweli. Alichukua madebe mawili yaliyotobolewa chini, moja akalijaza udongo mtupu, la pili udongo uliofunikwa majani makavu, akawaambia watoto wayamwagie maji. La kwanza lilitoa tope. La pili lilitoa maji unayoweza kunawia uso. Jioni hiyo binti yangu Rosa alimfuata baba yake shambani kumwambia aache kuchoma majani. Mume wangu alicheka, lakini hakuchoma. Watoto wakachimba matuta ya ngazi kukata mteremko, wakapanda nyasi kwenye kingo, wakapanda karoti na vitunguu. Hakuna aliyewalazimisha. Wengine walifika kabla ya kengele ili wawahi kumwagilia.

Kisha akaletwa Mwalimu Frank, akapewa kusimamia nidhamu. Huyu ananikera, wala sifichi. Hata hajazoea baridi yetu, akapata wazo lake: aliyechelewa, bustanini. Aliyepiga kelele, bustanini. Aliyeongea Kiluguru darasani, bustanini, tena wenzake wakimchungulia dirishani. Na watoto walilima kama watu wanaolipiza kisasi. Walizikata karoti kwa majembe, wakazikanyaga kingo za ngazi, na mvua ilipokuja ilipita katikati ikashuka na udongo mpaka barabarani.

Theresia alimfuata ofisini. Frank alimjibu kwa utulivu wa mtu aliyeshiba kwamba magugu yamepungua na nidhamu imepanda, sasa yeye analalamikia nini. Mwalimu mkuu akasema suala hilo ataliangalia. Kuangalia kwake tunakujua. Choo cha wasichana kilibomoka tangu mwaka juzi na bado anakiangalia.

Ndipo Rosa alipokataa kwenda bustanini. Nilipombana, akasema hataki wapita njia wamwone na jembe wakadhani amefanya kosa. Nilichemka. Mtoto wa mkulima, mjukuu wa mkulima, anaona aibu kushika jembe, na aibu yenyewe kafundishwa shuleni. Nilivaa kandambili zangu nikaenda kumwambia mwalimu wake.

Theresia alinivutia kiti. Halafu akanisimulia habari za bibi yake. Enzi za mkoloni, watu wa milimani walilazimishwa kuchimba ngazi mashambani mwao, na anayekataa alipelekwa mbele ya sheria. Bibi alichimba mpaka viganja vikachubuka. Mkoloni alipoondoka, alizibomoa zake zote kwa furaha, huku akijua vizuri kwamba zinazuia udongo. Shamba lake likashuka mtoni taratibu, mvua baada ya mvua, naye hakujuta hata kidogo.

"Nimehangaika kuwafanya watoto wasahau ile chuki ya kina bibi," akaniambia, "na Frank ameirudisha kwa muhula mmoja."

Kwenye kikao cha wazazi alisimama kabla hajaitwa. "Mtoto akikosa, mpeni adhabu yoyote mnayoona inafaa," alisema. "Lakini ardhi msiifanye fimbo ya kumchapia. Hii ndiyo itakayomlisha." Baadhi yetu tulipiga makofi. Lakini baba mmoja, anayepeleka nyanya zake Dar kila wiki na kusomesha watoto kwa hizohizo nyanya, akasimama kusema watoto wa siku hizi wamezidi, jembe litawanyoosha. Nilitamani kumrushia kiti. Mwalimu mkuu akashukuru pande zote mbili, akafunga kikao.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya mstari wa asubuhi, Theresia aliingia bustanini peke yake. Alijifunga kanga kiunoni, akaanza kuzijenga upya ngazi zilizobomoka. Alitaka watoto wamwone mwalimu wao, mtu asiye na kosa lolote, analima kwa hiari yake. Aliamini kwamba wakimwona tu, watarudi. Mimi nilikuwa napita na tenga langu la karoti kuelekea kwenye lori, nikalitua ili nimtazame.

Watoto walipita kwa makundi. Walimwamkia kwa mbali, wakaangalia pembeni, wakaharakisha. Aliyesimama alikuwa mmoja tu, Mosi, kasichana ka darasa la kwanza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Umekosa nini?"

Theresia aliuegemea mpini wa jembe. Nilimwona anavyojizuia, maana hasira zilikuwa zimempanda na aliyezistahili hakuwepo pale. Akamjibu polepole kwamba hajakosa kitu, analima kwa sababu anapenda kulima.

Mosi alimtazama kwa huruma.

"Hata kaka alisema hajakosa," akamwambia. "Akalima tu."