Kaseti Iliyotunzwa kwa Majivu

Mama aliitunza kaseti ya video ya harusi kama anavyotunza mbegu za kunde: ndani ya chungu, katikati ya majivu yaliyochekechwa, mdomo wa chungu umefunikwa kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni hadi likalegea, na juu ya jani udongo. Kwa njia hiyo kunde hukaa mwaka mzima bila kuguswa na fukusi. Hakuona kwa nini picha zisikae pia.

Ilikuwa asubuhi tuliyoukimbia mji wetu, Kindu, miaka ya vita. Nilikuwa mgongoni mwake, sijatimiza hata mwaka, kwa hiyo haya nayajua kwa kusimuliwa. Baba alikuwa anafunga mchele na sufuria, akamwambia aache mchezo, kaseti hailiwi. Mama aliondoa mafiga, akachimba mahali pa moto, akafukia chungu, akashindilia udongo kwa kisigino, akarudisha mafiga. Kisha tukavuka Lualaba kwa mtumbwi na kushika njia ya Pangi. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na dada yangu wa miaka kumi na mitatu. Siku ya tatu risasi zililia mbele yetu, na watu wakaingia msituni kila mmoja upande wake. Jioni tulipokusanyika tulikuwa watatu. Baba alirudi mara mbili kumtafuta dada. Homa aliyoipata katika safari ya pili ilimmaliza kabla ya mvua kukatika.

Mama na mimi tuliporudi mjini, nyumba ilikuwa kuta tupu. Waliolala humo walikuwa wamechoma kila kinachoshika moto: viti, milango, madaftari ya baba, albamu ya picha. Walipikia juu ya mafiga yale yale, na chungu kiko chini ya moto wao. Mama akachimba. Kaseti ilikuwepo.

Ilikuwa kaseti ya harusi ya mjomba wangu, mdogo wake mama, na dada yangu alikuwemo. Hapakuwa na picha yake nyingine popote.

Mtu angedhani siku hiyo mama aliitoa majivuni. Hakuitoa. Hatukujua nyumba hata moja iliyobaki na deki ya video. Zilikuwa zimebebwa pamoja na mabati. Na kwake yeye mbegu haitolewi kabla ya siku ya kupanda. Aliiweka katika chungu kingine, na kila mwaka alipobadilisha majivu ya kunde alibadilisha na ya kaseti. Nilipokua kidogo, kazi ya kuchekecha majivu ikawa yangu. Nilichekecha mara mbili, yawe laini kama unga, ili chembe za mkaa zisiikwaruze.

Nilipoondoka kwenda kusoma Kisangani aliniomba nitafute mtu wa kuihamishia kwenye diski. Nilimwambia mwakani. Mwakani ikawa na mwakani yake. Nilikuwa nimeanza kuandika, na mtu anayeandika huona kila shughuli ya nyumbani kama mlango unaogongwa wakati mbaya. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na msichana anayepotea njiani wakati wa vita. Nilimpa paji la uso pana, macho yanayochelewa kucheka, mdomo wa mtu anayeficha neno. Waandishi wenzangu waliusifu uso ule. Jirani alimsomea mama sura hiyo yote kwa sauti, barazani, na mama akasikiliza hadi mwisho.

"Umeandika vizuri," akaniambia. "Lakini huyu mutoto sikumuzaa mimi."

Alikuwa anasomewa kwa sababu presha ya macho ilikuwa imeshaanza kumla kutoka pembeni. Kwanza hakuona mtu aliyeketi ubavuni mwake. Kisha akaanza kugonga fremu za milango kwa bega. Mwaka huu anajua tu kama mlango uko wazi au umefungwa. Daktari alisema kilichokwisha kuondoka hakirudi. Siku aliposema hivyo ndipo nilipoanza kukimbia huku na huku nikiuliza nani ana deki.

Nilimwambia mama pengine tumechelewa, pengine haina maana tena. Akasema ina maana.

"Wewe utakuwa macho yangu. Utaniambia iko namna gani, na mimi nitashika." Akaongeza: "Mbele, nikimuita kichwani alikuwa anakuja. Sasa nikimuita anakuja na sura yako. Miaka yote hii njo wewe, ni wewe nilikuwa naangalia. Umemufunika."

Hakusema kwa lawama. Aliponiambia hivyo nilitoka nje, nikasimama uani kwa muda mrefu, nikiwa na uso wangu.

Fundi tuliyempata Kindu ni mtu wa Butembo, mwenye duka dogo upande wa stesheni ya treni. Anajaza watu nyimbo na mahubiri kwenye simu, anatengeneza redio, na kwenye rafu ana deki moja isiyo na mfuniko, tumbo lake wazi. Tulikwenda asubuhi, mama ameshika kiwiko changu, nami nimebeba chungu. Fundi alipoinamisha kaseti, majivu yalimwagika mezani kwake kama chumvi.

"Mama, hii kaseti munataka kuangalia ao munataka kula?"

"Ningetaka kula ungeikuta leo, baba?"

"Na majivu nani alikufundisha?"

"Fukusi haikuingia," mama akasema.

Fundi aliigeuza kaseti, akachungulia kwenye kidirisha chake. "Njo kweli. Fukusi haikuingia. Hata mimi ningekuwa fukusi singeingia."

Mama akacheka, na mimi pia. Kisha fundi akafungua parafujo tano kwa bisibisi ndogo, akainua ganda, na hakutania tena. Majivu yalikuwa yamepenya hadi kwenye mizunguko ya utepe. Aliyafagia kwa brashi ya rangi, polepole, kwa saa nzima. Alihamisha magurudumu mawili ya utepe hadi kwenye ganda la kaseti nyingine, maana ganda letu lilikuwa limepinda. Alisugua kichwa cha deki, kile kinachosoma utepe, kwa kitambaa chenye spiriti. Halafu akaniita kando, lakini si mbali kiasi cha mama kutosikia.

"Dada, majivu ni msasa. Yaliyobaki ndani sitayatoa yote. Ule utepe ukipita, unajisugua, na kinachosuguliwa njo picha. Tutaupitisha mara moja. Ordinatere, hii kompyuta, itashika, na tutatia kwenye diski. Mara ya pili siahidi."

Akachomeka waya tatu nyuma ya deki, moja ya picha na mbili za sauti, zikaingia katika kiboksi kidogo, na kiboksi katika kompyuta. Jenereta ilikuwa inaguruma nje. Alimkalisha mama kwenye kiti cha plastiki karibu na spika, akabonyeza.

Ulikuja muziki. Mama akainua kichwa. Muziki ukaendelea, wimbo ukaisha, ukaanza mwingine.

"Watu hawasemi?" akauliza.

"Wanasema, mama," nikajibu. "Midomo yao inakwenda."

"Wapiga picha wa zamani walikuwa wanatia muziki juu ya kaseti nzima," fundi akasema. "Kelele za watu waliona ni uchafu."

Mama akaitika kwa kichwa. Alikuwa amekuja kusikia sauti ya dada pia, na hakuwa ameniambia. Niliona mikono yake ikitoka kwenye spika na kurudi magotini.

Picha ilikuwa inanyeshewa. Mistari myeupe ilishuka kutoka juu hadi chini, na mara kwa mara kioo kizima kiligeuka samawati, fundi akazuia pumzi, kisha watu wakarudi. Nilimsimulia mama kila kilichopita. Bwana arusi na kanzu yake. Bibi arusi ameinamisha kichwa. Wazee kwenye mikeka. Sinia za wali. Mama mwenyewe alipita, kijana, mwembamba, anakimbia na sufuria, anamkemea mtu ambaye haonekani. Nikamwambia. "Achana na mimi," akasema.

Kisha wakatokea wasichana watano wenye mabirika na mabeseni.

"Wananawisha wageni," nikasema.

Mama alisimama nusu. "Njo hapo, ni hapo. Yeye alinawisha. Muangalie vizuri. Iko namna gani?"

Nilitazama. Kwetu harusi ina sare: ukoo wa bwana na ukoo wa bibi hununua kitambaa kimoja, fundi mmoja hushona mshono mmoja, na wasichana wanaohudumia husukwa nywele siku moja na mkono mmoja, wakafungwa kilemba kimoja. Uzuri wake ni huo, kwamba mgeni asijue yupi ni mtoto wa nani. Kitambaa kile alikichagua mama. Na wasichana wale watano, chini ya mvua ile nyeupe, walikuwa msichana mmoja mara tano.

"Mrefu?" mama akauliza.

"Wawili ni warefu."

"Mwembamba."

"Wote ni wembamba, mama."

"Uso."

Uso mkubwa kuliko zote ulikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Macho yalikuwa vitone viwili, mdomo mstari, na mstari wenyewe ulitetemeka. Wakapita. Mpiga picha akarudi kwa wazee na kukaa nao hadi mwisho wa utepe.

Hapakuwa na wa kumuuliza. Mjomba na mkewe hawakuimaliza miaka ile ya vita. Wasichana wengine wanne walikuwa wa upande wa bibi arusi. Ukoo wao ulitawanyika, na nilikuwa nimekwisha kuulizia hadi Kibombo bila kupata hata mtu aliyewakumbuka. Aliyeshika kamera alikufa. Anayeijua sura ile alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na haoni, na anayeona hakuwahi kuijua.

Fundi ndiye aliyeuliza. "Mama, hakuwa na kitu? Kovu? Namna ya kutembea?"

Mama aligeuka upesi kuelekea sauti. "Mashoto. Alikuwa mashoto. Kijiko, ufagio, kuni, kila kitu kushoto. Muangalie birika. Angalieni nani anashika birika na kushoto."

Picha ilikuwa sasa ndani ya kompyuta, kwa hiyo hatukuugusa utepe. Fundi akairudisha, akaisimamisha, akaisogeza hatua kwa hatua. Nilikaribia hadi pumzi yangu ikaacha ukungu kwenye kioo. Wa kwanza, birika mkono wa kulia. Wa pili, kulia. Wa tatu alikuwa amefichwa na bega la mzee, tukangoja, akajitokeza: kulia. Wa nne. Wa tano. Tulirudia kutoka mwanzo, safari hii fundi akihesabu kwa sauti.

"Mama," nikasema, "wote wameshika kwa mkono wa kulia."

Nje mtu alizima jenereta ya jirani, na ya fundi ikasikika zaidi.

"Nilimukataza," mama akasema mwishoni. "Wageni wakubwa, utawanawisha na kushoto? Nilimwambia, usiniaibishe. Siku tatu nilimusimamisha uani na birika ya maji, namufundisha. Kulia, kulia. Alikuwa analia. Siku ya tatu akaweza. Nilifurahi sana."

Fundi alipangusa meza ambayo haikuwa na majivu tena.

Ningeweza kuchagua mmoja. Wa pili, kwa mfano, ambaye aliinua kidevu kidogo alipomaliza kumimina. Ningempa uso, ningemsimulia taratibu, na mama angeshika. Ni kazi ninayoijua; huifanya kila siku asubuhi. Mama alikuwa amenielekezea uso wake wote, akingoja, na nilijua kuwa ataamini.

"Siwezi kumtambua," nikasema.

Akamwomba fundi aupitishe utepe mara ya pili, pengine picha ingekuja safi zaidi. Fundi alinitazama. Nikakubali kwa kichwa, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa mama. Akaurudisha nyuma, akabonyeza. Deki ililia kama kisu kwenye sahani. Ilipofika kwa wazee kioo kilikuwa cheupe, na ilipofika kwa wasichana utepe ulijizungusha kwenye kichwa cha deki na kukatika. Fundi aliuvuta nje kwa vidole. Vilitoka na vumbi la kahawia, na akavipangusa kwenye suruali yake bila kutuonyesha.

Alitutilia diski kwenye bahasha. Nyumbani mama aliketi barazani, diski mapajani, akiipapasa ukingo. Aliniomba nimtajie wasichana wote watano, mmoja mmoja, kwa mpangilio waliopita nao. Nikamtajia: nani alitangulia, nani alishika beseni juu mno, nani alikosa kumwona mzee mmoja akarudi. Sikuongeza neno. Kwa kila mmoja alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia habari za watoto wa watu.

"Kuna aliyemwaga maji chini?" akauliza.

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu. "Hapana, mama. Wote wanamimina sawasawa. Hakuna hata tone lililotoka nje ya beseni."

"Basi alijifunza," mama akasema.

Alinipa diski nikaiweke. Hakuniuliza tena habari zake siku ile, wala baadaye.