Matanga ya Wateja

Mume wangu alisifiwa kisiwa kizima cha Chole kuwa ni mtu wa watu, na kila nikiisikia sifa hiyo nilitamani kutapika.

Duka lake lilikuwa karibu na boma la Wajerumani. Aliuza vitambaa vya bafta, sukari, chumvi, ndoana na tende. Maduka ya namna hiyo yalikuwapo mengine, tena kwa bei zile zile. Lake lilijaa kwa sababu yangu. Pakizaliwa mtoto, nilitumwa. Mtu akifiwa, nilitumwa mbio nimtangulie mke wa mwenye duka jingine, nikae na wafiwa, niteke maji, nikune nazi, nilie. Nililia kwelikweli, maana wale walikuwa wenzangu. Yeye alibaki kwenye mizani akipokea shukrani.

"Ahsante, bwana, kwa kutukumbuka," walimwambia, kisha wakanunua.

Barazani alijigamba kwa wenzake kwamba siri ya biashara yake ni kuwapenda watu. Hakupata kushika hata kata ya maji kwenye msiba wa mtu.

Kisha mama yangu akafa, kwetu Juani, kisiwa cha jirani. Maji ya bahari yakitoka, Chole na Juani unavuka kwa miguu, na wanawake wa pande zote mbili walijaa nyumbani. Hawakutumwa na mtu. Waliingia jikoni, wakakalia mbuzi zao wakikuna nazi, kama nilivyowafanyia wao.

Kesho yake mume wangu akaja, matope hadi magotini. Nilidhani amekuja kukaa na mimi. Akanivuta nyuma ya ukuta wa makuti wa jiko.

"Kaoge, uvae. Leo ni harusi ya binti wa yule Mwarabu mwenye mashamba ya minazi. Wenzetu wa duka la pili washafika."

"Mama yangu kazikwa jana, bwana."

"Keshazikwa, basi. Tena hakuwa akinunua kwetu."

Upande wa pili wa makuti, mkwaruzo wa mbuzi ukakatika wote kwa pamoja. Naye aliusikia ule ukimya, maana alifumba mdomo akabaki kuyatazama makuti. Nilirudi jikoni, na wanawake wakasogeleana wakanipa nafasi nikae katikati yao.

Hakuna aliyemtukana. Walianza tu kununua kwingine, hata sindano. Alishusha bei, akagawa tende za bure, akanifuata Juani, nilikobaki, na doti ya kanga ili nirudi. Nilizikataa kanga, nikadai talaka yangu mpaka nikaipata. Sijamsamehe na wala sina haja hiyo.

Baada ya muda akafariki mama yake, bibi mwema aliyenipenda kama mwanawe. Wanawake wa Juani wakanijia.

"Dada, tunakwenda au hatwendi?"

"Twende," nikasema.

Tulivuka kundi zima. Tulimwosha, tukapika, tukamlia bila kujibana. Mwanawe alisimama mlangoni mwa duka akituhesabu kwa macho, uso umemchangamka siku ya msiba wa mama yake, akidhani tumemrudia. Akanisogelea kunishukuru, mimi na wenzangu wote, kwa kumkumbuka.

"Tumekuja kwa mama," nikamwambia. "Yeye hakuwa akituuzia kitu."