Fataki za Chini ya Kitanda

Wanaonijua hapa mtaani Sparkhill, huku ughaibuni, wanajua sinunui hata nyanya bila kupatana bei, na hilo najivunia. Kwa hiyo nilipopata kwa nusu bei fataki zile kubwa za mafundi wa matamasha, nikaziweka chumba cha wageni zingoje harusi ya shemeji yangu.

Baadaye nikasikia zinataka leseni. Nikaipigia halmashauri, simu nimeiweka sauti ya juu, ili mama mkwe, aliyewasili juzi kutoka Nakuru, asikie mkwe wake anavyojua kupatana.

"Leseni ni ya waliosomea kazi hiyo," afisa akasema. "Na bei haipungui."

"Nifikirie, bwana. Nazitunza vizuri! Ziko pakavu, mbali na jiko. Nilizihesabu mara mbili kabla ya kuzisukuma chini ya kitanda."

"Kitanda hicho anakilalia nani?"

Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Mjibu, Baba Wanjiru. Mwambie ni mimi. Halafu uniambie: ulipohesabu mara mbili, na mimi ulinihesabu?"