Wiki Mbili za Kujifunza Kujisemea

Mwenyekiti wa jopo la wasaili alikuwa amejifunga kanga ya jikoni na anakula muhogo wa kuchoma. Alikuwa shoga yangu, binti wa Chumbi, tuliyepanga naye chumba kimoja Kibiti mwaka wetu wa mwisho wa kusomea uuguzi na ukunga. Meza ya jopo ilikuwa ndoo iliyofunikwa sinia. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda, magoti pamoja, nikisubiri swali.

"Tueleze," alisema, akafuta midomo. "Uwezo wako katika kuzalisha ukoje?"

"Si haba," nikajibu.

Akautua muhogo. "Si haba?"

"Ndiyo. Namshukuru Mungu."

"Shoga, umeulizwa kazi, hujaulizwa hali!"

Nilicheka, ingawa haya yalikuwa mazoezi ya usaili wa kweli. Kituo kimoja cha afya upande wa delta kilikuwa kimetangaza nafasi ya muuguzi, ataanza mara tu matokeo na leseni vikitoka. Nafasi yenyewe moja. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nimezaliwa Salale, kwenye mikoko, ambako mama mwenye uchungu hupakiwa kwenye boti na kuombewa dua njia nzima. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu ili boti ya namna hiyo ikifika, mtu wa kumpokea yule mama niwe mimi. Usaili ulikuwa baada ya wiki mbili.

Masomo hayakunitisha. Kilichonishinda ni malezi. Kwetu mtu hajisemi. Ukirudi na kapu limejaa kamba uliowavua na ukaulizwa, unasema umepata vya mboga tu. Mtoto mchanga kanenepa mashavu mpaka macho hayaonekani, mgeni akimtazama, mama yake anasema, "Ndo hivyo, hata hakui." Anayetangaza jema lake anajiitia kijicho. Adabu hiyo nilikuwa nayo kabla sijajua kusoma.

"Swali la pili," alisema mwenyekiti. "Tupe mfano wa siku uliyookoa maisha ya mgonjwa."

Hilo nilikuwa na jibu lake, tena la kweli. Asubuhi moja kwenye mafunzo ya vitendo, wodi ya wazazi, mkunga aliyekuwa ananisimamia alikimbilia kwa mama aliyekuwa anatoka damu chumba cha pili. Dakika hiyohiyo mtoto mwingine akazaliwa mikononi mwangu, mlegevu, kimya.

Nikamsimulia shoga yangu hivi: "Alizaliwa mtoto amechoka. Hakulia. Basi huduma ikatolewa, na kwa uwezo wa Mungu mtoto akalia."

"Huduma ilitolewa na nani? Na ukuta?"

"Na waliokuwepo."

"Waliokuwepo! Mimi niliingia mbio nikamkuta mtoto ameshalia, na wewe peke yako umeshika mfuko wa kumpulizia hewa. Nyie watu wa Salale mnaongea kama mnaogopa kuwashtua kamba."

"Na nyie wa Chumbi mnaongea kama mnafukuza ndege mpungani."

"Ndiyo! Na ndege wanaondoka!"

Basi akaniandikia maneno ya kukariri. Mimi ni mchapakazi. Mimi najiamini. Mimi ni mbunifu. Niliyarudia nikifua, nikichambua mchele, nikienda chuoni. Kila nilipoyasema mbele yake macho yalianguka sakafuni na sauti ikayafuata. Siku moja mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alitupitia akitokea sokoni kuuza kamba wakavu. Alinisikia kabla hajabisha hodi.

"Nani huyo unayemsifu hivyo?"

"Ni mimi, mama. Najisifu mwenyewe."

"Astaghfirullah! Na mlango uko wazi!"

Akaingia, akaufunga, akakaa kitako kama mtu aliyefika msibani. Shoga yangu alicheka mpaka akalala chini. Mimi sikucheka. Zilibaki siku tatu, na nilijiona nikitoka kwenye chumba cha usaili nimenyamaza, nafasi ikienda kwa mwingine.

Kesho yake nilikuwa wodini, zamu zikibadilishana. Nilisimama kando ya vitanda na muuguzi aliyekuwa anaingia, nikamkabidhi wagonjwa kama tunavyofanya kila siku. Huyu nimempima presha saa sita, ilikuwa juu, nimempa dawa, nimerudia kupima, imeshuka. Huyu nimemtundikia dripu. Huyu nimemsaidia kunyonyesha, titi la kushoto bado linamuuma. Kisha nikakatiza katikati ya maelezo ya kitanda cha nne.

"Mbona umekwama?" aliuliza muuguzi, kalamu juu. "Endelea, mdogo wangu."

Sikuwa nimekwama. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe. Kwa miaka mitatu mdomo huu ulikuwa unasema nimefanya, nimempa, nimemshika, bila haya yoyote, kwa sababu anayepokea zamu asipojua mikono yangu ilifanya nini, anaweza kurudia dozi au kuiacha. Hakuna anayemwita anayekabidhi zamu mwenye majivuno. Angenyamaza ndiyo angekuwa mkosaji.

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. "Yatupe yale maneno yako," nilimwambia shoga yangu. "Nakwenda kukabidhi zamu."

Siku ya usaili walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Niliwaamkia, wakaitikia marahaba. Mama wa katikati, mwenye miwani, akaliuliza lile swali la kuokoa maisha. Nikaona wodi, si meza.

"Mtoto alizaliwa hapumui. Nilimwita msimamizi wangu kwa sauti. Nilimpangusa mtoto, nikamsugua mgongo, hakulia. Nilikata kitovu, nikamlaza, nikaweka kinyago cha hewa puani na mdomoni, nikabonyeza mfuko wa hewa. Kifua hakikupanda. Kosa lilikuwa langu, kichwa nilikuwa nimekilaza vibaya. Nikakiweka sawa, nikabana kinyago upya, nikabonyeza. Kifua kikapanda. Nikaendelea huku nahesabu. Akalia."

Mama mwenye miwani aliacha kuandika. "Msimamizi alikuwa wapi?"

"Kwa mama aliyekuwa anatoka damu. Hakuweza kumwacha."

"Kwa hiyo ulikuwa peke yako."

"Nilikuwa peke yangu."

Niligundua kwamba namtazama machoni, na kwamba haikuwa utovu wa adabu.

"Akizaliwa mwingine kesho?"

"Kabla sijabonyeza, naangalia kichwa."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaandika mstari mrefu.

Simu ilipigwa siku ya tisa baada ya usaili, nikiwa nafua sare uani. Shoga yangu alibandika sikio lake upande wa pili wa simu, tukasikiliza pamoja sauti ikiniambia nafasi ni yangu, nijiandae kuripoti matokeo na leseni vikikamilika. Kigelegele alichopiga kiliwatoa majirani majumbani. Akina mama walijaa uani, wengine na miiko mikononi.

"Kuna nini? Nani kaolewa?"

Shoga yangu alifungua mdomo. Nikamuwahi. Nikiwa na povu mpaka viwikoni, niliwaambia nimepata kazi delta, na walipouliza nimeipataje, niliwahadithia yote kuanzia mtoto aliyezaliwa kimya, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.