Pilipili za Waamuzi

Wiki nzima Bu Ngatmi, yaani Mama Ngatmi, hakuwa na raha. Akikaa anainuka, akiinuka anakizunguka kichochoro chote cha mtaa wao pale Surabaya, Indonesia, anapangusa majani kwa kitambaa, anachungulia makopo ya rangi yaliyoning'inizwa ukutani, kila kopo na mche wake wa pilipili. Jumapili waamuzi wa mashindano ya mitaa ya kijani wanakuja, na pilipili zimewiva, nyekundu, zinamtoa mtu udenda. Mwaka jana watu walizichuma kabla ya siku, mtaa ukashika mkia, na yeye kiongozi wa bustani akachekwa mpaka sokoni. Safari hii akapiga marufuku: hata moja isiguswe.

"Afande wa pilipili huyo!" wakamtania. "Ficheni mawe ya kusagia!"

Haya, bustani imepandwa watu wale, na wenyewe wananunua sokoni, tena bei ikiwa juu haisemeki!

Ijumaa akaja jirani yake Bu Wartiyem, mjane. Kesho yake ilikuwa arobaini ya mumewe, Pak Kasdi.

"Mwenzangu, niachie nichume bakuli moja tu. Sokoni hazishikiki."

"Vumilia mpaka Jumapili mchana. Waamuzi wakishatoka, chuma uchoke."

"Arobaini itawangoja waamuzi?"

"Nikikupa wewe, kila mtu atakuja na lake."

"Na hayo makopo alitoboa nani?"

Bu Ngatmi akageukia mche mmoja, akapangusa jani. Aliyatoboa Pak Kasdi, yote, matundu ya kutolea maji, kwa msumari wa moto, huku kikohozi kikimkaba. Lakini kiburi ni kibaya jamani.

"Sheria ni sheria," akasema. Wartiyem akaondoka bila kuaga.

Jumamosi alasiri wanaume wakaenda kwenye dua. Mume wa Ngatmi, Pak Jumadi, akarudi na boksi la chakula anachopewa kila mgeni aende nacho nyumbani. Wali, tempe ya soya, tambi, yai. Ngatmi akapekua chini ya jani la mgomba, akapekua tena. Sambali haimo! Shughuli gani Surabaya isiyo na pilipili ya kusaga?

"Walilalamika?" akauliza.

"Nani alalamike? Tulikula kimya. Wote tunajua ziko wapi."

Aibu ikamshika mpaka masikio yakamwaka moto. Akalifunika boksi, akalisukuma pembeni.

Jumapili asubuhi akabeba kikapu, akaanza mwanzo wa kichochoro. Akachuma kopo baada ya kopo, hakubakiza hata moja.

"We mama, umerogwa?" majirani wakapiga kelele. "Waamuzi wako njiani!"

Hakujibu. Akamkuta Wartiyem uani anasugua sufuria za shughuli. Nje watu wakaanza kumwita: gari limefika, waamuzi wanashuka, kiongozi wa bustani yuko wapi? Ngatmi akachuchumaa, akasogeza kikapu.

"Za arobaini, mwenzangu. Nisamehe."

Wartiyem akakitazama kikapu, akamtazama na yeye.

"Arobaini ya mume wangu ilikuwa jana," akasema, akaendelea kusugua.