Muvi ya Kanyiva Iliyokatwa Nyimbo

Watu wa komiti ya ukumbi wa kanisa wakisoma hii watajua ni wao, na wajue tu. Mimi Kilonzo siogopi komiti. Shule nilifika darasa la saba, na hilo la saba nililifika mara mbili, kwa hivyo nina masomo ya kutosha kuandika ukweli wa mpwa wangu Kanyiva kabla hawajaugeuza wote uwe wao.

Kanyiva ni mtoto wa dada yangu. Anashona yunifomu za shule hapa sokoni Matiliku, na Jumapili anaongoza kwaya ya vijana. Kuimba alirithi kwangu. Mama yake anakataa, lakini mama yake hajawahi kunisikia nikiimba nikiwa sina mafua.

Alipomaliza darasa la nane alienda mji wa Salama, akaosha sufuria katika hoteli moja ya madereva wa malori. Mwenye hoteli alikuwa na televisheni moja na diski moja isiyokwama: muvi ya zamani ya Wazungu, ya wanafunzi wanaopendana na kuimba. Kila siku baada ya chakula cha mchana ilikuwa hiyo hiyo. Kanyiva alikuwa jikoni nyuma ya ukuta, hakuona picha hata siku moja. Maneno ya kuongea yalimezwa na malori. Nyimbo ndizo zilipita ukuta.

Siku moja nilienda kumtembelea. Nikakaa mbele, nikaangalia muvi yote kwa macho yangu haya, halafu nikaenda jikoni kumringia.

"Mwaka mzima uko hapa na hujui hiyo muvi inasema nini. Ngoja anko akuambie."

"Najua, anko."

"Utajua aje na huioni? Na Kiingereza chako ni kidogo kama changu, na changu ni kidogo kwa kupenda."

Mikono ilikuwa ndani ya maji ya sabuni, hakugeuka. "Ni vijana wa shule. Kwanza wote wanaimba pamoja, hapo tunaonyeshwa mji wao. Halafu msichana anaimba peke yake, kuna kitu anataka na hana wa kumwambia. Halafu kijana anaanzisha, msichana anamjibu, mwanzo kwa madharau. Kufika mwisho mmoja yuko sauti ya kwanza, mwingine ya pili, na hakuna anayempita mwenzake. Hapo wamependana."

"Halafu?"

"Kuna mtu mzima wa sauti nzito, huyo hataki. Wanakosana. Ule wimbo wao unarudi, lakini sasa kila mmoja anaimba kipande chake akiwa mbali. Mwisho wote wanauimba, hata yule wa sauti nzito. Ni kama kwaya kwenye mashindano, anko, mpangilio una sheria zake. Kile mtu anaona haya kusema, anaimba."

Mimi niliyeona picha sikuwa nimejua kwamba yule baba wa msichana alikubali. Nilidhani amerudi kuchukua kofia yake.

Sasa miaka imepita. Kanyiva alirudi nyumbani, akashona, akazaa, na mwaka huu akanunua projekta kwa Abdiwahab wa Kambu, aliyekuwa akionyesha watu mpira kabla hajafunga biashara. Kwaya yake ilikuwa imebaki na vijana sita, na mmoja kati ya hao alikuwa anakuja kuchaji simu. Akafikiria: Jumamosi saa nane mchana awaonyeshe muvi katika ukumbi wa kanisa, madirisha yazibwe na magunia, halafu wabaki kwa mazoezi. Komiti ikampa Jumamosi moja ya kujaribu. Ikienda vizuri, ukumbi ni wake kila Jumamosi. Ikiharibika, asiulize tena. Akachagua ile muvi ya Salama.

Mwenyekiti ni Mzee Musembi, mfuga nyuki, anayeongea kama mtu aliyezoea kutobishiwa na nyuki.

"Kanyiva, tumesikia ndani kuna nyimbo za kidunia na densi."

"Ziko, mzee. Ndizo muvi yenyewe."

"Zitoe. Hadithi ibaki."

"Lakini mzee, ukitoa nyimbo..."

"Msichana wangu, hadithi ibaki."

Mimi nilimwambia akatae. Nilimwambia mbele ya watu, tena kwa sauti. Lakini aliutaka ule ukumbi, akaenda saiba, kwa vijana wa kompyuta, wakamkatia. Muvi ya saa moja na dakika hamsini ikatoka na dakika hamsini. Hata kondoo akinyolewa anabaki na zaidi.

Jumamosi ukumbi ulijaa, vijana, wazazi, na komiti wakiwa mstari wa mbele kama wageni wa heshima. Muvi ikaanza. Kijana kwenye daraja anamgonga msichana kwa baiskeli, vitabu vinaanguka mtoni. Msichana anamwita mjinga. Hapo ndipo kulikuwa na ule wimbo wa dakika kumi na moja, wa kuanzisha na kujibiwa. Umekatwa. Picha iliyofuata, wameshikana mikono.

"Aiya!" Mama Kaluki, kiongozi wa akina mama, alisema. "Si sasa hivi amemwita mjinga?"

Baba, ambaye ndiye mwalimu mkuu, akakataa kijana. Wimbo umekatwa. Picha iliyofuata, wanabusiana kwenye kibanda cha basi, mvua inanyesha. Wakakosana, wimbo wa kuumia umekatwa, papo hapo wanabusiana tena, mbele ya shule nzima, na yule baba anapiga makofi.

"Huyu baba anapigia nini makofi?" Mama Kaluki alikuwa amesimama. "Mtoto amemjua huyo kijana tangu saa nane na dakika kumi!"

"Zima hiyo takataka!" Mzee Musembi akapaza sauti. "Kanyiva, hii ndiyo ya kufundisha watoto wetu? Msichana hata habembelezwi!"

Hapo nilisimama, na viti viwili vikaanguka. "Mzee Musembi! Kubembelezwa kulikuwa ndani ya nyimbo! Umepukuchua mahindi yote ukatupa, sasa unalalamika eti gunzi halina ladha!"

"Kilonzo, keti chini. Wewe si wa komiti."

"Na Mungu ashukuriwe!"

Hawakusubiri hata watu watoke. Walinong'onezana palepale, wakatangaza ukumbi umefungwa kwa muvi, siku zote. Watu hao hao waliomwambia akate! Nimeona mwamuzi wa mpira akichukua rushwa, lakini sijawahi kumwona akiutoboa mpira halafu ampe mchezaji kadi nyekundu.

Kanyiva alikuwa anakunja nyaya. Akasema taratibu, "Wazee, mmenihukumu kwa hadithi mliyotoboa wenyewe. Mnipe siku moja niwasikilizishe vile vipande vilivyotolewa. Vile tu. Halafu mfunge."

"Hapana," Mzee Musembi alisema.

"Mwenyekiti, tumpe," Mama Kaluki alisema. "Mimi nataka kujua huyo msichana alikubali saa ngapi."

Jumanne mchana watu wa komiti walikuja saba, nikaja wa nane bila kualikwa. Kanyiva akachukua kitambaa cha yunifomu, akafunika jicho la projekta.

"Mwaitu, mama yetu, na wazee, kwa kuwa densi inawakwaza, hamtaiona. Sikilizeni."

Ukuta ukabaki mweupe. Wimbo wa daraja ukaanza, na wale watu saba wakawa wanautazama ukuta mtupu. Sasa, hao ni watu wa kwaya tangu utoto. Kiingereza kinaweza kuwapita, lakini sauti haiwapiti.

"Hapo bado anamringia," Mama Kaluki alinong'ona. Baadaye kidogo: "Sikieni, anamngojea amalize ndipo ajibu. Heh, ameanza kumheshimu." Kisha: "Ndiyo hapo! Ameshika sauti ya pili. Amekubali." Akageukia wenzake. "Mtoto wa watu alibembelezwa beti nne nzima!"

Wimbo wa kukosana ukaja, kila mmoja na kipande chake. Ukaja wa mwisho, wa wote. Katikati yake ikaingia besi, chini, polepole. Mzee Musembi ameimba besi miaka arobaini. Aliinua kidole.

"Huyo ni baba," alisema. "Amelegea."

Hakuna aliyemuuliza. Alijisemea mwenyewe. Ilipoisha akakohoa, akamwambia Kanyiva, "Toa hicho kitambaa, turudie."

Ungedhani hapo wangemwomba msamaha. Sikiliza tangazo lililosomwa Jumapili: "Komiti imechunguza na kugundua kwamba nyimbo ni sehemu ya hadithi. Muvi zitaendelea kila Jumamosi na nyimbo zake zote. Mabusu ndiyo yatatolewa." Komiti imegundua! Kitu ambacho mpwa wangu alikijua akiwa na masizi ya sufuria mpaka kwenye viwiko, wao wamekigundua! Jina lake halikutajwa. Nilianza kuinuka, lakini Kanyiva alinitazama kutoka safu ya kwaya, akatikisa kichwa. Ukumbi alikuwa ameupata. Mengine aliniachia mimi, na ndiyo haya naandika.

Jumamosi iliyofuata muvi ilionyeshwa na nyimbo zake zote. Vijana thelathini na mmoja walikuwa wamejiandikisha kubaki kwa mazoezi. Ilipofika kwenye kibanda cha basi, mvua ikinyesha, nyuso zikisogeleana, picha ikawa nyeusi. Sekunde tatu, vile komiti ilivyoagiza. Na katika giza hilo ukumbi mzima, watu wote kwa mdomo mmoja, wakapiga busu: mwaaa!

Mzee Musembi akageuka kwenye kiti chake, akamkodolea macho Kanyiva.

"Mzee," Kanyiva alisema, mikono juu, "hiyo si yangu. Mimi nilikata."

Aliyeianzisha hajulikani mpaka leo. Ninachoweza kusema tu ni kwamba alikuwa ameketi kwenye kiti changu.